Koplo Amezeeka

Paka wetu anaitwa Koplo. Jina hilo alipewa na mume wangu, ambaye ni askari polisi, mwaka 2010, kwa kuwa tangu usiku wa kwanza alishika lindo juu ya gunia la posho, na panya wakahama.

Mwaka 2024 alianza kupotewa na akili. Husimama pembeni mwa chumba akiukabili ukuta, asijue namna ya kugeuka. Usiku wa manane hulia kwa sauti nzito inayowaamsha majirani. Miguu yake huyumba. Akilenga kiti, huangukia ndoo.

Kambini pakavuma kwamba ana kichaa cha mbwa. Jirani mmoja akamwambia mume wangu, “Afande, mmalize huyo kabla hajauma mtoto.” Sikumlaumu, maana ugonjwa huo huwashika paka pia, na mtu akishaonyesha dalili zake ni nadra kupona. Lakini mnyama mwenye kichaa hufa siku chache baada ya dalili kutokea, na Koplo alikwisha kuugua miezi mitano. Isitoshe, alikuwa amechanjwa.

Nikamtia kikapuni, tukapanda teksi hadi Kampala kwa daktari wa mifugo. Alieleza kwamba ubongo wa paka mzee huweza kuchakaa kama wa binadamu. Ila figo, tezi ya shingoni na shinikizo la damu huleta dalili zinazofanana, hivyo sharti vipimwe kwanza. Kwa Koplo havikuwa na kasoro. Ndipo nilipokiri, kwa haya, kwamba usiku uliotangulia nilikaribia kumpa nusu kidonge cha parasetamoli ili alale. Daktari alinitazama kwa muda. Dawa hiyo ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja huweza kumwua. Nami ni mwalimu kwa mafunzo!

Tangu hapo hatuhamishi kiti wala bakuli la maji. Kasha lake la mchanga tumelikata ukingo, na taa ndogo huwaka usiku kucha. Mume wangu, arudipo zamu, humgeuza kutoka ukutani na kumwambia, “Koplo, lindo limekwisha.”

Daktari aliagiza nimrudishe siku atakapokataa chakula. Jana alimaliza dagaa wote, akalamba na sahani.