Nafasi ya kwanza Google haiuzwi

Wadau, ukishaitwa mwandishi wa gazeti basi wenye maduka Kariakoo wanakuona fundi wa kompyuta pia. Swali lao ni moja: mbona tovuti yangu haionekani Google?

Juzi kaka mmoja, muuza vitenge wa jumla Mtaa wa Kongo, kaniambia kuna kijana anataka laki tatu "ampandishe" awe wa kwanza. Kaka, shika hela yako! Google wenyewe wanasema hawapokei malipo ili kuipandisha tovuti. Kinacholipiwa ni tangazo, nalo huandikwa kabisa kuwa ni tangazo. Hela ikiisha, linatoka.

Tukaandika site: na anwani yake, bila kuacha nafasi katikati. Patupu. Tukafungua WordPress, kwenye mipangilio ya kusoma, tukakuta aliyeijenga kaacha alama ya vema inayoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe. Yaani miezi minne duka lina komeo kwa ndani, halafu mtu anadai laki tatu! Alama tumeitoa, Google kuja kuisoma kunaweza kuchukua siku au wiki kadhaa.

Yamebaki maneno. Ukurasa wa mbele umejaa "Karibu katika tovuti yetu". Nani anatafuta hivyo jamani? Mteja wa Mbeya anaandika "vitenge vya jumla Kariakoo bei", na bei zote kaka kazibandika ndani ya picha. Nimemwambia aziandike kwa maandishi, Kiswahili hichohicho cha dukani. Anaogopa jirani ataziona. Hapo sikuwa na jibu.