Tulipokwenda Kumwona Mtoto Mgonjwa



Hapa Mpemba mtoto akiugua hatungoji kualikwa. Tunajifunga kanga, tunabeba unga na mayai, tunakwenda. Hivyo mtoto wa jirani yetu, mwenye saratani ya damu, aliporudi kutoka kuchomwa dawa Muhimbili, tulikwenda akina mama 12, tukaimba chumbani mwake. Mmoja wetu alikuwa na mafua.

Sisi tulio wauguzi tulipaswa kukumbuka. Dawa za saratani huua chembe zinazozaliana haraka, zikiwamo zile za uboho wa mifupa zinazotengeneza chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mara nyingi askari hao hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Siku hizo hata vijidudu vya ngozi na tumbo la mtoto mwenyewe vyaweza kumwua.

Siku chache baadaye, usiku, homa ilifika 39. Baadhi yetu tulisema apewe panadoli, tuombe mpaka asubuhi. Mama yake alikataa. Wodini alifundishwa kwamba kwa mtoto huyu homa ya 38 ni dharura, haingoji kukuche. Tukakodi gari kwenda Mbeya, tukaombea njiani. Alipofika tu alianza kupewa antibiotiki kwenye mshipa. Siku ya nne homa ilikwisha, na baada ya juma moja kipimo cha damu kilionyesha askari wanarudi. Kama ni mafua yetu yaliyomdhuru, Mungu ajua.

Ni nini huwarudisha? Ni uboho wenyewe, ukipewa muda. Ipo pia sindano ya filgrastimu inayouamsha, lakini daktari ndiye huamua nani anaihitaji. Juisi ya rozela tunayoisifu kwa kuongeza damu haifanyi kazi hiyo. Isimcheleweshe mama kufika hospitali.

Siku hizi tunakwenda wawili tu, wasio na kikohozi wala mafua, na tunanawa kwa sabuni. Tunamchotea mama maji, tunamfulia, tunamchangia nauli ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Tumemnunulia na kipimajoto. Nyimbo tunaziimba uani, na mtoto huitikia kutoka kitandani.