Uradi Usioungua: Siku Tano Katika Bonde la Kashmir



Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Oktoba, nilimsindikiza ahli yangu Delhi kwa matibabu, kama wafanyavyo wengi wa watu wetu wa Pwani. Vipimo vilipokwisha tuliambiwa tusubiri majibu kwa siku kumi. Anayesubiri majibu ya aina hiyo huhesabu usiku kwa saa. Ahli yangu akaniambia, "Tusikae hapa tukitazama kuta. Nipeleke penye hewa." Daktari akatupa ruhusa, nasi tukapanda ndege ya kwenda Srinagar, mwendo wa saa moja na nusu.

Bonde la Kashmir lina urefu wa takriban kilomita 135 na upana wa kilomita 32. Kusini-magharibi limezuiliwa na safu ya Pir Panjal, na kaskazini-mashariki imesimama Himalaya kuu, vilele vyake vikiwa na theluji. Mji wa Srinagar uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya mji hupita mto Jhelum, utokao katika chemchemi ya Verinag. Mto huo huingia katika ziwa Wular, hupenya milima kuelekea Pakistan, ukaungana na mito mingine hadi Indus, na Indus humwaga maji yake baharini karibu na Karachi. Basi theluji ya Kashmir huishia katika bahari ile ile iliyoleta majahazi bandarini kwetu.

Tulikuta miti ya chinari imegeuka rangi ya moto. Huko Pampore, nje kidogo ya mji, mashamba yalianza kuchanua maua ya zambarau. Ndiyo zaafarani mnayotia katika biriani. Kila ua lina nyuzi tatu nyekundu tu, nazo huchumwa kwa mkono. Alipoona hivyo, ahli yangu alisema hatalalamika tena juu ya bei yake.

Ardhi hii imetukuzwa na watu wengi. Kwenye kilima cha Hari Parbat lipo hekalu la Wahindu, lipo kaburi la Sheikh Hamza Makhdoom, na chini yake ipo nyumba ya ibada ya Masingasinga. Ama Uislamu, ulishika mizizi katika karne ya 14, pale mtawala Rinchana, aliyetoka Ladakh, aliposilimu mikononi mwa Sayyid Sharafuddin, ambaye watu wa huko humwita Bulbul Shah. Baadaye akaja Sayyid Ali Hamadani, mzaliwa wa Hamadan katika Iran, aliyezaliwa mwaka 1314. Twaambiwa kwamba alifuatana na masharifu na mafundi wengi, na kwamba yeye mwenyewe alikula kwa jasho lake kwa kushona kofia. Ndiyo maana watu wa Kashmir wakitaja mazulia yao, shali zao na nakshi zao za mbao, hutaja na jina lake.

Kando ya mto Jhelum uko msikiti wa Khanqah-e-Moula, uliojengwa kwa ajili ya ukumbusho wake mwaka 1395. Hauna kuba. Paa lake limepandana tabaka juu ya tabaka, na juu kabisa una mnara mwembamba. Umejengwa kwa mbao za mwerezi, na ndani kuta zimefunikwa nakshi na rangi hata jicho halijui lianzie wapi. Nilidhani Sayyid amezikwa humo. La, alifariki mwaka 1385 akiwa safarini, na kaburi lake liko Kulob katika Tajikistan ya leo. Msikiti wenyewe uliungua mwaka 1480, ukajengwa. Ukaungua tena 1731, ukajengwa. Na mwezi wa Novemba 2017 moto uliushika mnara wake, nao ukatengenezwa. Katika mtaa wa Khanyar, jengo linalonasibishwa na Sheikh Abdulqadir Jilani, ambaye tarika yake twaijua sana hapa Pwani, liliungua mwaka 2012, nalo likajengwa upya.

Nikajiuliza: mahali ambapo mbao huungua na mwenye jina hakuzikwa hapo, urithi umekaa wapi?

Jibu nililipata katika nyumba tuliyofikia. Mwenyeji wetu alikuwa na mama yake, ajuza aliyejifunika joho pana liitwalo pherani, na ndani ya joho ameshika kangri, chungu cha makaa kilichosukwa kikapu, mfano wa chetezo chetu, ila chake ni cha kuotea baridi. Alfajiri, kutoka msikitini tulisikia watu wakisoma kwa pamoja, kwa sauti. Ulikuwa Awradi Fathiya, uradi ambao Sayyid Ali aliwaachia watu wa Kashmir. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kusoma kwa sauti namna ile, nami sitaingia humo leo. Nitakalosema ni kwamba yule mama, akiwa jikoni anatayarisha chai yao ya chumvi, aliufuatisha mwanzo hadi mwisho bila kitabu, na mjukuu wake wa miaka kama minane alikuwa akimalizia maneno naye.

Kwa ulimi wa mwanawe, akamwuliza ahli yangu, "Nyinyi kwenu mnasoma nini?"

Ahli yangu akamsomea Ratibu ya Haddad, kama alivyofundishwa na nyanya yake huko Lamu. Alipofika katikati, bibi yule alimshika mkono, naye asijue kama ule mkono ulikuwa na mgonjwa anayengoja majibu. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani, nilimwona mwenzangu akilia.

Nami niliinamisha kichwa kwa sababu nyingine. Nimefundisha watoto wa watu madrasa zaidi ya miaka ishirini, lakini baina ya wanangu wanne, mmoja tu ndiye aliyekuwa akiijua Ratibu kwa moyo. Nyumbani mwangu, baada ya Isha, kila mtu alikuwa na simu yake.

Tulirudi Delhi. Majibu hayakuwa mazuri yote wala mabaya yote. Dawa anazitumia hadi leo, na twamshukuru Mola. Tulipofika nyumbani, yeye ndiye aliyeanza, si mimi. Kila usiku wa Ijumaa simu huwekwa kapuni, jamvi hutandikwa, na kitinda mimba wetu ndiye anayeongoza.

Mama zangu na dada zangu, misikiti yetu ya kale na milango yetu ya nakshi ina haki ya kutunzwa, na atakayeweza kuchangia asisite. Lakini mbao zina moto na mchwa. Kilichofika kwetu kutoka kwa wazee wetu kilipita vinywani mwa wanawake waliokuwa jikoni, na kikikatika hapo, hakuna fundi wa kukiunga.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote na awajaalie watoto wetu kuwa warithi wema. Amin.