Samoni wa Norway, kambale wa Ruvu

Juni 2024, katikati ya msimu wa uvuvi, serikali ya Norway ilifunga mito 33 kwa mpigo. Samoni waliopanda kutoka baharini walikuwa wachache mno. Wenye vibali mkononi walilalamika, na mito ikafungwa vilevile. Mimi naishi huku, ila kwetu ni Mlandizi, Kibaha, na habari ile ilinipeleka moja kwa moja Mto Ruvu.

Huku kila mto wa samoni una lengo lake: kilo ngapi za majike lazima wabaki ili watage. Kinachozidi hapo ndicho kinachovuliwa. Jopo la wanasayansi lililoundwa mwaka 2009 hutathmini hali ya mito kila mwaka. Kwenye mito mingi, ukikata kibali unaweka na amana, na hurudishiwi hadi ulete taarifa ya ulichopata, hata kama umetoka mikono mitupu. Kwingine fimbo ya kuvulia, wavu na buti hupitishwa kwenye dawa kwanza, na unapewa karatasi ya kuonyesha kwamba umefanya hivyo.

Dawa hiyo ina sababu. Miaka ya 1970 kimelea kidogo cha ngozi kiliingia nchini pamoja na samoni wachanga wa kufugwa, kikaenea hadi mito 50 na ushee. Serikali iliamua kutia rotenoni mitoni. Samaki wakafa, kimelea nacho kikafa, kisha mto ukarudishiwa samaki wa mbegu yake yenyewe iliyokuwa imehifadhiwa. Rotenoni ndiyo sumu iliyomo kwenye mmea wetu wa utupa. Nyumbani anayevua kwa sumu anavunja Sheria ya Uvuvi ya 2003, na ni haki, maana hakuna aliyeweka akiba ya mbegu ya Ruvu mahali popote kabla ya kumwaga.

Tusijidharau lakini. Kufunga maji tunajua. Tarehe 15 Mei 2024, kabla ya Norway, Ziwa Tanganyika lilifungwa hadi 15 Agosti samaki wazaliane. Songosongo, wanakijiji hufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha hufungua kwa siku waliyokubaliana.

Ruvu wenyewe tunaujua kwa maji tu. Dar es Salaam inakunywa kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na ukame wa 2022 ulipoleta mgao, kila mtu aliusema mto. Samaki hakuna aliyewataja. Masika, mto ukifurika, kambale huacha mkondo na kupanda kwenye majani yaliyozama ili watage. Maji pale ni ya magotini. Hapo ndipo panga, mgono na chandarua cha mbu vinapomaliza majike kabla hawajaacha kitu.

Sasa Bwawa la Kidunda linajengwa huko juu, Morogoro, litunze lita bilioni 190. Tunalihitaji. Ila bwawa hupunguza mafuriko, na mafuriko ndiyo wodi ya wazazi ya kambale. Maji ya kuwaachia masika yapangwe sasa, kabla bwawa halijajaa.

Norway nayo ina aibu yake. Chawa kutoka vizimba vya samoni wa kufugwa, na samaki wanaotoroka humo na kuzaana na wa porini, ni kati ya sababu kubwa za samoni kupungua. Kwetu sato wa mabwawani tayari wanachanganya damu na perege wa asili katika mito ya mashariki. Anayechimba bwawa karibu na Ruvu afuge perege wa Ruvu.

Watu wa Kibaha tulishapokea kwa nchi za Nordiki, Norway ikiwemo: Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa nchi hizo wa miaka ya 1960, tukakabidhiwa mwaka 1970. Safari hii tuchukue desturi ya kuhesabu. Wizara ya Mifugo na Uvuvi, Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu na halmashauri zetu wakae na wavuvi, wahesabu kambale na perege, kisha wafunge majani ya mafuriko kila masika. Nawe ukiwa na mjomba au kaka anayevua Ruvu, mpe daftari aandike siku, aina na kama ni jike. Norway imekuwa ikiandika takwimu za samoni tangu 1876; sisi tuanze masika ijayo.