Mwandishi Kuwa Shahidi wa Utunzi Wake

Swali la jinsi kazi ya sanaa ilivyotungwa huulizwa baada ya kazi yenyewe kukamilika, na hapo ndipo taabu ianzapo. Mwandishi anayeeleza utunzi wake husimulia jambo ambalo mwisho wake ameshaujua. Yaliyokuwa kubahatisha huonekana kuwa mpango, na shaka iliyomkosesha usingizi huwa hatua ya safari. Je, mhakiki aupokee ushahidi huo kwa kiasi gani?

Fasihi ya Kenya ina mifano miwili inayofaa kupimia swali hili. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa kisiasa, *Kenya: Twendapi?* Humo gerezani alitunga kwa siri, juu ya karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Ngugi wa Thiong'o naye, aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, aliandika riwaya yake ya Kigikuyu, *Caitaani Mutharaba-ini*, kwenye karatasi kama hizo. Habari za kizuizi hicho alizieleza mwenyewe katika *Detained* (1981).

Aghalabu masimulizi haya hukaririwa kama visa vya ushujaa, na karatasi ikawa ndiyo kila kitu. Ushujaa huo haukanushiki. Hata hivyo, karatasi hiyo haikuzaa utanzu mmoja. Shairi la arudhi lina mizani iliyohesabiwa na vina vinavyoitana. Ubeti ukipungukiwa na neno, pengo hujitangaza lenyewe. Kwa hiyo utungo wa namna hiyo waweza kuhifadhiwa kichwani hata karatasi ikinyang'anywa. Riwaya haina kinga hiyo. Wakuu wa gereza walipouchukua muswada wa Ngugi katika upekuzi, ulikaa mikononi mwao majuma yapata matatu kabla ya kurudishwa. Kama usingalirudi, hakuna kumbukumbu ambayo ingaliweza kuirejesha nathari yote ile neno kwa neno. Arudhi, ambayo katika mjadala wa miaka ya 1970 baadhi ya wahakiki waliishutumu kuwa ni pingu za mshairi, hapa yadhihirika kuwa maficho.

Hoja hii haitegemei kukiri kwa mtunzi. Inatokana na umbo la kazi, na umbo laweza kujua jambo ambalo mtunzi hakulikusudia. Aidha, maelezo ya mwandishi kuhusu kazi yake ni utungo wa pili: yana mpangilio, yana uteuzi wa matukio, na yana msomaji anayelengwa. *Detained* ilitoka mwaka mmoja baada ya riwaya ile, nayo yastahili kuhakikiwa kwa makini yale yale.

Lakini mhakiki asijivune akadhani kwamba matini pekee yamtosha. Kitabu kilichopigwa chapa vizuri hakionyeshi kwamba kilianzia kwenye kipande cha karatasi kilichofichwa, wala hakisemi mkono ulioandika ulikuwa ukisikiliza hatua za nani mlangoni. Hilo hulijua aliyekuwamo. Kumwamini kwa yaliyompata, na kumhoji kwa maana anayoyapa, ndiyo heshima anayostahili shahidi wa namna hii.