Kanzu, Pete na Mkanda wa Feni

Vijana mnaojifunza ufundi wa magari, liko jambo ambalo mafundi walijua lakini hulipuuza, kwa kuwa kila mmoja wao adhani mkono wake ni mwepesi. Mkono wa mwanadamu si mwepesi. Tangu jicho lione hatari hata mkono uanze kuondoka hupita kiasi cha robo ya sekunde, tena kwa mtu aliye makini, asiyezungumza na mwenziwe. Injini inayonguruma taratibu, gari limesimama na mafuta hayakukanyagwa, huzunguka mara 700 hata 900 kwa dakika. Tuseme 800: ni zaidi ya mara 13 katika kila sekunde. Puli yenye kipenyo cha sentimita 15, kwa robo hiyo ya sekunde, hupitisha mkanda zaidi ya mita 1. Sasa upime mkono wa kanzu yako, kutoka begani hata kifundoni, uone kama watimiza mita 1.

Nimetaja kanzu kwa makusudi. Katika gereji iliyo jirani na kwetu hapa Tanga, siku za Ijumaa vijana hutoka msikitini wakamkuta mwenye gari anawangoja, naye ana haraka. Boneti limekwisha funguliwa, injini yawaka. Kijana husema, "Natazama tu," akainama na kanzu yake. Neno hilo "natazama tu" lanitia hofu kuliko nyundo na moto wa kuchomea vyuma, kwa kuwa anayetazama tu hajajiweka tayari kwa kazi: hakukunja mikono ya nguo, hakuvaa ovaroli, hakuzima injini.

Fundi mmoja ninayemjua alikuwa akifuta mafuta kwa kitambaa huku injini ikiwaka. Kitambaa kilinaswa baina ya mkanda na puli, na vidole vyake viwili vikaenda nacho. Aliniambia kwamba hakusikia maumivu kwanza. Alishangaa tu kuona kitambaa hakipo. Na glavu za nguo ni mamoja na kitambaa hicho. Wako wanaozivaa karibu na mkanda unaozunguka wakidhani wamejikinga, kumbe wameupa mkanda kitu cha kushika.

Magari ya siku hizi yana hila nyingine. Zamani feni ilizungushwa na mkanda, injini ikizimwa nayo hutulia, na mafundi wazee walifundisha hivyo kwa haki. Lakini magari madogo mengi ya sasa yana feni yenye mota yake ya umeme, inayoamrishwa na joto la maji ya rejeta. Injini ikizimwa, maji huacha kuzunguka, na joto lake laweza kupanda kwa muda; ndipo feni huanza yenyewe, ufunguo u mfukoni na gari li kimya. Kabla ya kupeleka mkono huko, fungua waya wa hasi wa betri. Ni kazi ya spana moja.

Akina mama wasidhani kwamba hayo ni ya gerejini peke yake. Mwaka 1927, katika mji wa Nice, Ufaransa, Isadora Duncan, mcheza dansi mashuhuri aliyezaliwa Marekani, alifariki kwa kuwa shali yake ndefu ilinaswa na gurudumu la gari alilopanda. Siku hizi ni buibui na mtandio juu ya bodaboda, pindo likining'inia karibu na mnyororo na spoku. Pindo hukusanywa na kukaliwa kabla pikipiki haijaondoka. Njiani umekwisha chelewa.

Nije kwa pete. Pete ikikwama kwenye kichwa cha bolti nao mkono wavutwa, huchuna ngozi na nyama ya kidole. Tena ikigusa kichwa cha chanya cha betri, na huku imegusa bodi ya gari, huwaka joto mara moja hata kuunguza nyama, ingawa betri ni ya volti 12 tu, isiyomtetemesha mtu kwa umeme wake. Mpwa wangu, aliyeingia gereji akiwa spana boi, alikuwa na pete ya fedha ya marehemu baba yake. Nilipomtaka aivue alinijibu, "Mjomba, hii siivui. Baba hakuivua hata siku aliyofariki."

Nikamwambia, "Babako alikuwa mwalimu, na chaki haina mkanda."

Mama yake, dada yangu, alininunia siku nne, akaona namnyang'anya mtoto ukumbusho wake. Kisha akaja na shauri la kuitia uzi aivae shingoni. Nikakataa hilo pia, kwa kuwa mtu akiinama uzi huning'inia mbele yake, na afadhali kidole kuliko shingo. Tulibishana hata chai ikapoa.

Sasa kila asubuhi kijana huivua mlangoni na kumkabidhi mamake, naye huivaa katika kidole gumba, kwa kuwa vingine ni vyembamba, mpaka arudi magharibi.