Kiasi cha Jani

Jani ni kitu hafifu machoni pa watu. Hukanyagwa njiani, wala hapana aulizaye habari zake. Hata hivyo, ndani yake mna utawala mwema kuliko ule wa nyumba nyingi. Jambo moja la utawala huo ni jinsi litumiavyo salfa, ambayo wazee wetu waliiita kiberiti.

Mimi ni mwalimu, nakaa Ngara, Nairobi. Jioni wauza mboga hukatakata sukuma wiki kando ya njia, na harufu yake kali huniambia kwamba salfa imo. Mizizi huivuta udongoni ikiwa chumvi iliyoyeyuka majini. Ikifika majanini hugeuzwa kwa nguvu ya jua, ikawa sehemu ya protini, ambayo bila hiyo mmea haukui. Nyingine hutiwa katika ule ukali ufukuzao wadudu.

La ajabu ni kiasi. Salfa ikitosha, mmea hupunguza uvutaji wa mizizi. Ikipungua, huongeza uvutaji, huacha kutengeneza ukali mwingi, hata huvunja ule uliokwisha kuwekwa ili upate kukua. Ngao yake huitunza wakati wa shibe, lakini haikumbatii wakati wa njaa.

Lakini pasipo kitu, hata mwenye busara huangamia. Katika mashamba ya chai ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, majani yaligeuka manjano na michai ikafa. Mwaka 1933 H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha Amani huko Usambara, pamoja na R. Leach, walieleza kwamba ugonjwa huo ulikuwa ni ukosefu wa salfa.

Dalili yake yasomeka. Mmea ukikosa nitrojeni, manjano huanza katika majani ya zamani, kwa kuwa huyanyang'anya ili kuyalisha machanga. Ukikosa salfa, kwa kawaida huanza katika machanga, maana salfa iliyokwisha kujengwa katika jani la zamani haihami upesi.

Wanafunzi huniuliza faida ya kujua haya. Mkulima asiyejua tofauti hiyo hununua mbolea isiyotakiwa, na fedha ya karo ya mwanawe ikaishia udongoni. Basi, msomaji, ukiona manjano shambani kwenu, usikimbilie dukani. Inama kwanza, utazame ni jani lipi lililotangulia kugeuka.